E. D. Morel, karani aliyehesabu masasi ya Kongo

Ndugu wafanyakazi, wamama na vijana wa cité, leo tunawasimulia maisha ya mutu ambaye hakutia muguu wake mu Kongo hata siku moja, lakini inchi yetu iko na deni kwake. Jina lake ni Edmund Dene Morel.

Alizaliwa Paris tarehe 10 Julai 1873, baba Mufaransa, mama Mwingereza. Baba alikufa mutoto akingali mudogo. Ku miaka 15 Morel aliacha masomo, akaenda kutumika mu banki. Mu 1891 aliingia karani wa Elder Dempster, kampuni ya meli kule Liverpool. Kampuni ile njo ilikuwa inabeba mizigo ya Kongo, wakati inchi yetu ilikuwa mali ya mufalme Leopold wa II. Sababu alijua Kifaransa, wakubwa walikuwa wanamutuma Anvers kuangalia kazi.

Kule bandarini alifanya kitu ambacho delege yeyote wa sindika anaweza kufanya: alilinganisha. Meli zilizotoka Kongo zilijaa mupira na pembe za tembo. Zile zilizokwenda Kongo zilibeba vitu kidogo, na karibu 80 kwa mia ya vitu vile havikuhusu biashara. Bunduki na masasi yalikuwa mengi. Basi watu wanaotoa mali yote hii wanalipwa na nini? Morel akaelewa: hawalipwi. Wanatumikishwa kwa nguvu.

Na masasi yalitumika namna gani? Hapa tusimame kidogo. Askari wa Force Publique alikuwa anabeba Albini, bunduki ya risasi moja moja. Wakubwa wake waliogopa asimalize masasi ku kuwinda nyama, ao asiyafiche kwa kuasi. Basi mu sehemu nyingi za mupira wakaweka kipimo: kwa kila risasi iliyotoka, askari alete mukono wa kuume wa mutu aliyeuawa. Ku karatasi hesabu ilikuwa safi: masasi kumi, mikono kumi, hakuna iliyokosa.

Lakini nani anapiga bunduki mu pori bila kukosa hata mara moja? Hakuna. Askari aliyekosa, ao aliyepiga nyama ya kula, alibaki na deni la mukono. Akakata mukono wa mutu muzima, hata wa mutoto. Kipimo kilisema askari wanapiga sawasawa. Kweli yake kilikuwa kinahesabu mikono tu. Konsuli wa Uingereza Roger Casement, aliyetembea mu Kongo mu 1903, aliandika mu ripoti yake habari aliyopewa: ku muto Momboyo masasi 6000 yalitumika ndani ya miezi sita.

Sie watu wa mine hesabu ya namna hii tunaijua, hata kama damu yake si sawa na ile. Mu kampuni moja tulikotumika, waliandika ku ubao siku zilizopita bila aksida, na ekipe ilipata pesa ya nyongeza kama ubao haukurudi ku sifuri. Aksida hazikupungua. Mwenzetu aliyevunjika vidole alibembelezwa asiende ku dispanseri. Ubao ulibaki muzuri, vidole vikakauka vibaya.

Turudi kwa Morel. Alipeleka maneno yake kwa mukubwa wake, Alfred Jones, ambaye alikuwa pia konsuli wa Kongo ya Leopold mu Liverpool. Wakajaribu kumutuliza na kazi ingine na pesa. Akakataa. Mu 1901 aliacha kazi, iko na bibi na watoto wa kulisha. Mu 1903 alifungua gazeti lake, West African Mail. Mu 1904, pamoja na Casement, akaanzisha Congo Reform Association. Wamisionere walimutumia barua na picha, kama ile Alice Seeley Harris alipiga: Nsala amekaa, anaangalia mukono na muguu wa binti yake. Morel akaweka picha pembeni ya namba, na watu wakaamini.

Tarehe 15 Novemba 1908 Leopold alinyanganywa Kongo, ikawa ya Ubelgiji. Kazi ya nguvu haikuisha siku ile. Wazee wetu waliotumikia Union Minière, iliyozaliwa 1906, waliiona. Lakini mikono ile ilijulikana dunia yote.

Morel hakuwa malaika. Mu 1920 aliandika maneno mabaya ya ubaguzi juu ya askari weusi wa Ufaransa waliokuwa Ujerumani. Tunaisema, sababu hesabu yetu nayo lazima iwe ya kweli. Mu 1917 alifungwa jela miezi sita sababu alipinga vita. Mu 1922 alichaguliwa mubunge wa Dundee kwa chama cha wafanyakazi, na Winston Churchill akapoteza kiti chake palepale. Alikufa tarehe 12 Novemba 1924, miaka 51 tu.

Kila siku makamio yanapita hapa Kolwezi, yanakwenda Kasumbalesa. Ndugu, kila ekipe iwe na kaye yake: nani ameumia, siku gani, saa ngapi, ku shimo gani. Muandike pia kile ambacho ubao hausemi. Morel alianza na kalamu ya karani tu.