Cecil Rhodes: alitamani Katanga, hakuikanyaga

Kule Bulawayo, inchi ya Zimbabwe, ndani ya makumbusho ya reli, kuko behewa moja la kifahari la treni. Lilikuwa la Cecil Rhodes. Alisafiri ndani yake akiwa mzima, na mwaka 1902 likabeba maiti yake toka Cape Town, kwenda kuzikwa kwenye vilima vya Matobo.

Rhodes alizaliwa Uingereza mwaka 1853, mtoto wa mchungaji. Akiwa na miaka 17 alifika Afrika Kusini. Almasi ya Kimberley ikamutajirisha, akakuwa waziri mkuu wa Cape. Kampuni yake ikanyang'anya Bashona na Bandebele udongo wao. Aliota reli moja ya kutoka Cape Town mpaka Kairo.

Na shaba yetu aliitaka. Mwaka 1890 mjumbe Alfred Sharpe alifika Bunkeya na mkataba mukononi. Mwami Msiri akakataa kutia sahihi. Lakini tarehe 20 Desemba 1891, watu wa Leopold II, mfalme wa Ubelgiji, wakamuua Msiri palepale Bunkeya, Katanga ikaingia mikononi mwao.

Rhodes alikufa na miaka 48, reli yake haijavuka hata mto Zambezi. Iliendelea bila yeye, ikapita Sakania, ikafika hapa Lubumbashi mwaka 1910. Mwaka uliofuata tanuru la kwanza likayeyusha shaba, na shaba hiyo ikachukua njia ya reli kwenda ng'ambo.

Ndugu musikilizaji, ukipita Bulawayo, ingia ulitazame behewa hilo. Ukirudi, pitia na Bunkeya.