Harald Blåtand, mfalme aliyeacha jina lake katika vipakatalishi

ALAMA ndogo ya samawati inayoonekana pembeni mwa skrini ya kipakatalishi, iwe katika Chuo Kikuu cha Egerton kule Njoro au katika mkahawa jijini Nakuru, ni herufi mbili za jina la mfalme aliyefariki zaidi ya miaka 1,000 iliyopita.

Mfalme huyo ni Harald Blåtand wa Denmark, yaani Harald wa Jino la Buluu. Lakabu hiyo hupatikana katika maandishi ya karne ya 12, muda mrefu baada ya kifo chake, na wengi hudhani ilitokana na jino bovu lililogeuka rangi.

Harald, mwana wa Mfalme Gorm na Malkia Thyra, alirithi kiti cha enzi yapata mwaka wa 958. Miaka michache baadaye alibatizwa. Wanahistoria wa enzi hizo husimulia kuwa alishawishika baada ya kasisi aitwaye Poppo kushika chuma cha moto bila kuungua.

Kule Jelling alisimamisha jiwe kubwa la kuwakumbuka wazazi wake. Humo aliamuru ichongwe kwamba ndiye aliyejitwalia Denmark yote na Norway, na kuwafanya watu wake Wakristo. Majigambo hayo yaliupita ukweli kidogo, kwani mamlaka yake Norway yalitegemea machifu wa huko na hayakudumu.

Alikuwa mjenzi hodari. Daraja lake la mbao huko Ravning lilikuwa na urefu wa mita 760 hivi, na karibu mwaka wa 980 ngome za mviringo zilijengwa katika sehemu mbalimbali za nchi. Hata hivyo, aliyeunganisha nchi alishindwa kuiunganisha nyumba yake. Mwanawe, Svein, alimwasi, na Harald akakimbilia pwani ya kusini ya Bahari ya Baltiki, ambako alifariki kwa majeraha mwaka wa 985 au 986.

Jina lake lilifufuliwa mwaka wa 1997. Mhandisi Jim Kardach wa kampuni ya Intel alipendekeza litumiwe kwa muda tu kwa mawimbi ya redio yaliyoanza kubuniwa na Ericsson nchini Uswidi mwaka wa 1994, ili yaunganishe simu na tarakilishi jinsi mfalme alivyounganisha makabila. Jina la kudumu halikupatikana, na Bluetooth ikabaki.

Muungano huo nao una gharama. Redio ikiachwa wazi hubaki macho ikisubiri vifaa vya jirani, na matoleo mengi ya Linux huiwasha yenyewe. Ni kweli kwamba skrini hula betri kuliko redio hiyo kwa mbali. Lakini kwa mwanafunzi mwenye kipakatalishi cha mtumba na ripoti isiyokamilika, dakika chache si haba stima inapopotea, kama ilivyopotea karibu nchi nzima Agosti 25, 2023, licha ya Kaunti ya Nakuru kuwa na visima vya mvuke vya Olkaria.

Mwenye Linux huandika amri rfkill block bluetooth katika dirisha la amri, na redio huzimika papo hapo. Ili huduma yenyewe isianze tena mashine inapowashwa, huongeza sudo systemctl disable bluetooth. Anayetumia kipanya au kibodi ya Bluetooth sharti atafute kwanza vyenye waya, maana vyake vitakatika mara moja.

Akitaka kumrejesha mfalme, huandika rfkill unblock bluetooth, kisha sudo systemctl enable --now bluetooth.