Henslow: Mwalimu wa Darwin aliyetaka kila mmea uandikwe ulikotoka

MFANYABIASHARA anayevuka Namanga au Busia anajua kwamba mzigo usio na karatasi ya kuonyesha ulikotoka haufiki mbali. Karibu miaka 200 iliyopita, profesa mmoja wa Uingereza aliifanya kanuni kama hiyo kuwa msingi wa elimu ya mimea.

John Stevens Henslow alizaliwa Rochester mwaka 1796. Mwaka 1825 akawa profesa wa botania katika Chuo Kikuu cha Cambridge. Hebaria ya chuo, yaani hazina ya mimea iliyokaushwa na kubandikwa kwenye karatasi, aliikuta katika hali mbaya, akaanza kuijenga upya. Marafiki na wanafunzi walimletea mimea kutoka sehemu mbalimbali za nchi. Aliibandika ya aina moja pamoja, mrefu kando ya mfupi, ili tofauti zionekane, akaandika mahali na tarehe ilipochumwa.

Kati ya mwaka 1829 na 1831, kijana Charles Darwin alihudhuria mafunzo yake. Ni Henslow aliyempendekeza kusafiri na meli ya Beagle. Mwaka 1835 walifika visiwa vya Galapagos. Huko Darwin alikusanya ndege wengi bila kuandika kila mmoja alitoka kisiwa gani, na baadaye ikabidi ategemee mikusanyo ya wenzake wa melini. Lakini mimea aliiandikia kisiwa, kama mwalimu wake alivyomzoesha. Katika miaka ya 1840, mtaalamu Joseph Hooker aliichunguza akabaini kuwa aina nyingi zilipatikana katika kisiwa kimoja tu. Ushahidi huo ulimpa Darwin nguvu alipoeleza jinsi viumbe wanavyobadilika.

Henslow hakuifungia elimu hiyo chuoni. Mwaka 1839 alihamia Hitcham, kijiji maskini alikokuwa kasisi, akawafundisha watoto wa vibarua kutambua mimea. Ugonjwa wa viazi ulipozuka mwaka 1845, alieleza jinsi ya kupata wanga kutoka viazi vilivyoharibika. Alipotaka vibarua wapewe vishamba vyao, wakulima wakubwa walimpinga, lakini hakurudi nyuma. Alifariki mwaka 1861.

Leo hebaria ya Cambridge ina vielelezo zaidi ya milioni moja. Kwetu, vyuo vikuu vya Makerere na Dar es Salaam navyo vina hebaria zao. Kwa wauza dawa za asili jambo hili si la mbali: mti mmoja unaweza kuwa na jina moja Mwanza na jingine Kampala, na miti miwili tofauti ikaitwa jina moja. Anayetaka uhakika asibebe mzizi peke yake. Abebe tawi lenye majani na maua, na aandike alikolichuma.