Jina Lililofichwa Mpinini

Hapa Shirere, Kakamega, kila nimwonapo fundi akiingiza msuka wa jembe katika mpini, humkumbuka Masamune, mhunzi mashuhuri wa Japani aliyefua panga huko Sagami yapata mwaka 1300. Mapokeo husema alifunzwa na Kunimitsu.

Wahunzi wa huko huchonga majina yao kwenye msuka, pasipoonekana mpaka mpini uvuliwe. Masamune alichonga lake kwa nadra. Walaghai wakalichonga katika kazi zisizo zake. Ndiyo sababu wajuzi hawaisugui kutu ya msuka, kwani hufichua umri wake, kisha hulikagua bapa lenyewe.

Majembe ya wahunzi wa Samia yalilima Magharibi yetu, na wengi wetu hatuyajui majina yao. Jina hughushiwa, kazi njema hujishuhudia.