JM Kariuki: Mbunge aliyewaachia wanafunzi tarehe

WAFANYABIASHARA wetu wanaovuka mpaka Ras Kamboni kwenda Kiunga, Lamu na hata Nairobi, sasa wanahesabu siku kwa namna mpya. Wanajua kwamba Juni 25 na Julai 7 si siku za kupakia mzigo kule. Mwaka 2025 barabara zilifungwa tarehe hizo, maduka yakavunjwa na watu wengi wakauawa.

Wengi huniuliza kwa nini Wakenya huandamana kwa tarehe, tena mwaka hadi mwaka. Jibu langu huanza na mtu aliyeuawa zaidi ya miaka 50 iliyopita, Josiah Mwangi Kariuki, ambaye nchi nzima ilimwita JM. Nilisoma Kenya nikiwa mkimbizi, na walimu wetu walipotaja jina lake walipunguza sauti, ingawa alikuwa amekufa siku nyingi.

JM alizaliwa Machi 21, 1929, Kabati-ini, katika Bonde la Ufa. Wazazi wake walikuwa maskwota katika shamba la Mzungu. Alisoma kwa tabu, mwishowe akafika King's College Budo, Uganda. Aliporudi Kenya mwaka 1952 vita vya Mau Mau vilikuwa vimeanza.

Mwaka 1953 alikamatwa. Kwa miaka 7 alihamishwa kutoka kambi hadi kambi, jumla kambi 14. Mojawapo ni Manyani, kando ya barabara ya Mombasa na Nairobi ambayo wengi wetu tumeipita tukiwa ndani ya basi. Humo kizuizini aliandika barua za siri kulalamikia mateso. Alipigwa kwa ajili ya barua hizo, naye akaendelea kuandika.

Aliachiliwa mwaka 1960. Mwaka 1963 alichapisha kitabu kuhusu kizuizi chake, na mwaka huo huo akawa bungeni na pia katibu wa Mzee Jomo Kenyatta. Baadaye aliongoza Shirika la Huduma ya Vijana kwa Taifa, akawa waziri msaidizi na mbunge wa Nyandarua Kaskazini.

Isidhaniwe kwamba JM alikuwa maskini. Alikuwa na mali, alipenda mbio za farasi na alitoa fedha nyingi katika harambee. Lakini alisema hadharani kwamba ardhi iliyopiganiwa imeishia mikononi mwa wachache, na akaonya kwamba Kenya inaelekea kuwa nchi ya matajiri wa kuhesabika na mamilioni ya ombaomba. Kwa kauli hizo alipigwa marufuku kuhutubia mikutano. Katika uchaguzi wa 1974 alishinda bila kampeni ya maana, kisha akaachwa nje ya serikali.

Machi 1, 1975, bomu lililipuka ndani ya basi la kwenda Mombasa katika kituo cha mabasi Nairobi, likaua watu zaidi ya 20. Kesho yake, Jumapili Machi 2, JM alionekana akitoka katika Hoteli ya Hilton pamoja na kamanda wa kikosi cha GSU, Ben Gethi. Hakuonekana tena akiwa hai. Mchungaji wa Kimaasai aliukuta mwili wake katika vilima vya Ngong.

Siku zilizofuata zilijaa uongo. Gazeti moja liliandika kwamba yuko Zambia, kumbe maiti yake imelala mochari mjini Nairobi kama ya mtu asiyejulikana. Familia yake ndiyo iliyoitambua. Bunge liliunda kamati chini ya Elijah Mwangale, na ripoti yake ilitolewa Juni 3, 1975. Ilionyesha wazi kwamba maofisa wa usalama walihusika, lakini kabla ya kusomwa majina mawili ya watu wa karibu na Rais yaliondolewa. Waziri Masinde Muliro aliiunga mkono ripoti hiyo akafutwa kazi. Hadi leo hakuna aliyehukumiwa.

Hapo ndipo maisha ya JM yanapokwisha na maisha ya tarehe yake yanapoanza. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi waliandamana mara tu habari za kifo zilipothibitishwa. Machi 2 ya mwaka uliofuata wakatoka tena. Kwa miaka kadhaa siku hiyo ilikuwa ya mabango, virungu na gesi ya kutoa machozi.

Tuangalie hali ilivyokuwa. Chama cha upinzani, KPU, kilikuwa kimepigwa marufuku mwaka 1969. Mkutano wa hadhara ulihitaji kibali. Wabunge Martin Shikuku na Jean-Marie Seroney walikamatwa bungeni Oktoba 1975 wakawekwa kizuizini. Katika nchi kama hiyo, atakayeitisha maandamano anakamatwa kabla watu hawajakusanyika, na karatasi za kuwaita watu zinamtia mashakani anayezibeba.

Tarehe haina tabu hizo. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hakuhitaji kuambiwa na mtu kwamba Machi 2 kuna jambo. Viongozi wakifukuzwa chuoni leo, wageni wa mwakani wataikuta siku ileile kwenye kalenda. Isitoshe, ni vigumu kwa serikali kusema wazi kwamba kumlilia marehemu ni kosa.

Lakini njia hii ina ubaya wake. Polisi nao wana kalenda. Wanajua siku, wanajua njia watakayopita waandamanaji, na wanaweza kuwangoja. Na siku ikizoeleka sana, watu hutoka kwa mazoea, hupigwa, hurudi nyumbani, na dai lenyewe linabaki pale lilipokuwa.

Pamoja na hayo, somo halikupotea. Kenneth Matiba na Charles Rubia walipoitisha mkutano Kamukunji Julai 7, 1990 kudai vyama vingi, walitiwa kizuizini siku chache kabla. Watu walikwenda hata hivyo, kwa sababu siku ilikwisha kutajwa. Saba Saba ikawa kumbukumbu ya kila mwaka, na Desemba 1991 sheria ya chama kimoja ikaondolewa. Juni 25, 2024, vijana waliingia Bungeni kupinga Mswada wa Fedha, na kesho yake Rais akatangaza kuuacha. Mwaka mmojawapo baadaye tarehe hiyo ilirudi, wakidai haki ya waliouawa. Basi mfanyabiashara wa Kismayo anayekuta Nairobi imefungwa ajue kwamba desturi hiyo ni ya tangu zamani.

Na sisi je? Somalia haikosi tarehe. Januari 11, 1948, Hawo Tako aliuawa katika ghasia za Mogadishu wakati watu wa SYL wakidai uhuru, na baadaye serikali ikamjengea sanamu. Chini ya Siad Barre, Oktoba 21 ilikuwa siku ya gwaride, na sisi watoto wa shule tulipangwa mistari tukapiga makofi. Huko tarehe ilikuwa mali ya serikali. Nairobi wanafunzi waliichukua wao, wakamuuliza mkubwa jambo asilotaka kulijibu. Tofauti ni nani anayeishika siku na anadai nini.

Sisi Wabajuni tuliorudi Kismayo, Koyama na Chovai tuna madai yanayojulikana: nyumba tulizoziacha miaka ya 1990, mashamba, na haki ya kuvua bila kusumbuliwa. Tunayasema barazani na msikitini, kila mtu kwa siku yake, na kila mtu hujibiwa peke yake. Hatuna siku moja ambayo mtoto wa Chula na mzee wa Kismayo wataijua bila kuitwa.

Sishauri fujo. Mji wetu umeona damu ya kutosha, na mwenye kiduka ndiye hulipa kwanza mambo yakiharibika. Nasema tu kwamba mkutano wa amani wa kila mwaka, wenye orodha ya madai iliyoandikwa na hesabu ya yaliyotimizwa tangu mwaka uliopita, una nguvu kuliko malalamiko ya kila siku. Siku hiyo isiwe ya ukoo mmoja, na isiwe ya kula pilau na kutawanyika.

JM alikuwa na mali, cheo na marafiki wakubwa, na vyote havikumwokoa. Waliomuua walitaka asahauliwe. Wanafunzi wasiokuwa na kitu walihakikisha kwamba kila Machi 2 serikali inaulizwa tena ni nani aliyemuua.