Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui: Kadhi Aliyefundisha Kabla ya Kuhukumu

 

Wanafunzi wetu wapenzi, jina la Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui mmelisikia mara nyingi, lakini kulisikia jina siyo kumjua mtu. Mwaka huu tumeona tuwaelezee kwa ufupi maisha ya kadhi huyu wa Mombasa, ili mpate kujua cheo cha ukadhi alikifanyia nini, na kwa nini anakumbukwa mpaka leo.

Kuzaliwa na malezi yake

Sheikh Al-Amin alizaliwa Mombasa mwaka 1891, katika ukoo wa Mazrui uliokuwa ukiutawala mji huo mpaka mwaka 1837, utawala ulipoangukia mikononi mwa Seyyid Said. Baba yake, Sheikh Ali bin Abdallah, alikuwa mwanachuoni mkubwa asiyeficha analoliamini. Kwa ajili hiyo alitiwa jela katika zama za Seyyid Barghash, na akafunguliwa baada ya mtawala huyo kufariki mwaka 1888.

Baba huyo alifariki mwaka 1894, na mwanawe hajatimiza hata miaka minne. Basi Sheikh Al-Amin alikua yatima. Alilelewa na kusomeshwa na jamaa yake, Sheikh Suleiman bin Ali Mazrui, ambaye naye alishika ukadhi. Kisha akasafiri Unguja kutafuta elimu kwa mabahari wawili wa zama hizo, Sayyid Ahmad bin Sumait, aliyekuwa kadhi huko, na Sheikh Abdallah Bakathir. Wote wawili walifariki mwaka 1925.

Kalamu yake

Pamoja na kusoma kwa masheikh, Sheikh Al-Amin alikuwa msomaji wa Al-Manar, jarida la Sheikh Rashid Rida lililokuwa likitoka Cairo. Humo aliona namna wanavyuoni wa Misri walivyokuwa wakiwaamsha watu kwa maandishi. Aliwatazama Waislamu wa pwani, akaona jambo moja lililomuumiza: elimu ya dini ilikuwa katika vitabu vya Kiarabu, na watu wengi Kiarabu hawakukijua. Waliokijua walisomeana wao kwa wao, na wengine wakabaki wakifuata waliyoyakuta.

Mwaka 1930 alianzisha Sahifa, gazeti dogo la Kiswahili lililoandikwa kwa herufi za Kiarabu, kwa sababu ndizo herufi zilizojulikana na watu waliopita chuoni. Mwaka 1932 likafuata Al-Islah, maana yake kutengeneza mambo, kwa Kiswahili na Kiarabu. Baadhi ya makala za Sahifa zilikusanywa katika kitabu kiitwacho Uwongozi, kilichochapishwa mwaka 1944.

Humo aliyasema mambo ambayo watu hawakupenda kuyasikia: ubadhirifu katika harusi na matanga, uvivu wa kujifunza kazi, kuwanyima elimu watoto wa kike, na kuwaiga Wazungu katika mavazi na mienendo huku yakiachwa ya maana waliyonayo, nayo ni elimu na ufundi. Yeye hakuikataa elimu mpya. Alichokataa ni Mwislamu kuichukua ganda akaacha kiini.

Ukadhi

Mwaka 1932 aliwekwa kuwa Kadhi wa Mombasa, na mwaka 1937 akawa Kadhi Mkuu wa Kenya. Alikaa katika cheo hicho mpaka kufariki kwake.

Tufahamu hali ilivyokuwa. Ukanda wa pwani wa maili 10 kwa jina ulikuwa wa Sultani wa Zanzibar, lakini waliouendesha ni Waingereza. Kadhi hakuachiwa sheria yote. Aliachiwa zaidi mambo ya ndoa, talaka na mirathi ya Waislamu. Mtu anaweza kudhani kuwa hayo ni madogo, lakini sivyo, kwani hapo ndipo mwanamke hupata haki yake au huikosa, na hapo ndipo mali ya yatima husalimika au huliwa.

Chukueni mfano wa mirathi, somo mnalolisoma. Mtu akifa, kwanza hutolewa gharama za mazishi yake, kisha madeni, kisha wasia usiozidi thuluthi, na kinachobaki hugawiwa warithi. Mjane hupata thumni ikiwa marehemu ameacha watoto, na robo ikiwa hakuacha. Sasa tazameni watu wanapopika matanga siku baada ya siku kwa mali ya marehemu. Mali ile si ya marehemu tena, imekwisha kuwa ya warithi, na pengine miongoni mwao wamo watoto wadogo wasioweza kutoa idhini. Watu wanakula na kusema wanatoa sadaka, kumbe wanakula haki ya yatima. Shauri likifika kwa kadhi, chakula kimekwisha liwa na hakirudi.

Hapa ndipo tunapoona kwamba kalamu ya Sheikh Al-Amin na kiti chake cha hukumu vilikuwa kazi moja. Kadhi huletewa ugomvi baada ya kuharibika mambo. Lakini mwalimu anaweza kuwafikia watu kabla. Kila aliyeijua sheria nyumbani kwake alipunguza ugomvi mmoja mahakamani.

Si kila mtu alikubaliana naye. Wapo wanavyuoni wenye heshima zao waliokhitalifiana naye katika baadhi ya mambo aliyoyahesabu kuwa ni bidaa, na khitilafu hizo hazijesha. Lakini hakuna aliyeweza kukanusha elimu yake.

Vitabu na wanafunzi wake

Watoto aliwaandikia Hidayatul Atfal. Ukoo wake aliuandikia tarikh kwa Kiarabu, nayo ilichapishwa pamoja na tafsiri ya Kiingereza mwaka 1995. Kazi kubwa aliyoianza ni kuifasiri Qur'ani kwa Kiswahili. Kabla yake, mwaka 1923, ilikuwa imekwisha kutoka tafsiri ya Canon Godfrey Dale, padri wa misheni ya Unguja. Waislamu walihitaji tafsiri iliyotoka kwa mwanachuoni wao wenyewe. Lakini mauti yalimkuta mwaka 1947 kabla hajaimaliza, naye ana umri wa miaka 56. Sehemu alizoziacha zilichapishwa baadaye.

Kazi yake haikufa naye. Mwanafunzi wake, Sheikh Muhammad Kasim Mazrui, alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya tangu mwaka 1963, na alipokwisha kuacha cheo akaanzisha gazeti la Sauti ya Haki mwaka 1972. Aliyemfuata katika ukadhi mwaka 1968 ni Sheikh Abdallah Saleh Farsy wa Unguja, aliyefaidika na Sheikh Al-Amin pia, na ambaye tafsiri yake kamili ya Qur'ani ilitoka mwaka 1969. Basi kiti na kalamu vilikwenda pamoja kwa makadhi hao pia.

Funzo kwetu

Wanafunzi wetu, wachache katika nyinyi watakuwa makadhi. Lakini kila mmoja wenu atakwenda kwenye msiba, na atakaa katika kikao cha kugawa mali au kusuluhisha mke na mume. Siku hiyo, ikiwa mmejifunza na mkanyamaza kwa kuona haya mbele ya wakubwa, elimu yenu haitamfaa yatima aliyekaa pembeni. Semeni kwa adabu, tena kwa lugha anayoifahamu kila aliyepo.

Mwenyezi Mungu amrehemu Sheikh Al-Amin bin Ali, awarehemu masheikh wake na wanafunzi wake, na atujaalie sisi na nyinyi elimu yenye manufaa. Amin.