John Wesley na Peni Moja ya Kila Juma

Wengi wetu tukisikia jina la John Wesley tunawafikiria mara moja ndugu zetu Wamethodisti, kana kwamba mtu huyu hatuhusu. Kumbe alikuwa kasisi wa Kianglikana, mwana wa kasisi wa Kianglikana, wala hakuliacha Kanisa lake mpaka kufa. Kanisa la Uingereza humkumbuka yeye na mdogo wake Charles kila tarehe 24 Mei. Mahubiri yake yamekwisha kusifiwa sana. Sisi tunapenda kusimulia jinsi alivyowafanya washiriki watunzane wao kwa wao.

Alizaliwa Epworth, Uingereza, mwaka 1703. Alipokuwa na miaka mitano nyumba yao iliungua usiku, naye akaokolewa kupitia dirishani. Akasoma Oxford, akapewa ukasisi mwaka 1728, akaenda Georgia huko Marekani, akarudi amevunjika moyo. Tarehe 24 Mei 1738, katika mkutano mdogo mjini London, alipata hakika ya kusamehewa dhambi zake. Mwaka uliofuata akaanza kuhubiri nje, penye uwanja, karibu na mji wa Bristol.

Watu wakaja kwa wingi, na hapo ndipo shida ilipoanza. Mhubiri huhubiri, kisha hupanda farasi akaenda zake. Nani atajua kwamba mama fulani amelala mgonjwa siku tatu, au kwamba baba fulani ameirudia pombe?

Jibu lilitoka mahali ambapo hakuna aliyelitazamia, yaani kwenye kikao cha deni. Tarehe 15 Februari 1742 walikutana Bristol kushauriana jinsi ya kulipa deni la nyumba yao ya mikutano. Nahodha mmoja, jina lake Foy, akatoa shauri kila mshiriki atoe peni moja kwa juma. Mwingine akapinga, kwa kuwa wengi ni maskini na hawana hata hiyo peni. Foy akaomba apewe yeye watu 11 walio maskini kuliko wote. Atawapitia kila juma, na asiyekuwa na kitu atamlipia mwenyewe. Wenzake nao wafanye vivyo hivyo.

Basi wakaanza kupita nyumba kwa nyumba wakikusanya peni, wakaona mambo ambayo Jumapili hayaonekani. Huyu ana ugomvi na mkewe, yule amerudia ulevi. Wesley alipoletewa habari hizo alitambua kwamba hicho ndicho kitu alichokuwa akikihitaji siku nyingi.

Hata hivyo mpango ulihitaji kurekebishwa. Kupita kila nyumba kulikula muda mwingi. Wengine walikuwa watumishi katika nyumba za watu, na mabwana zao hawakutaka wageni. Tena mtu akimshtaki mwenziwe asiyekuwapo, maneno hayaishi. Kwa hiyo wakakubaliana kila kikundi kikutane pamoja mara moja kwa juma. Vikundi hivyo viliitwa madarasa, ingawa hapakuwa na ubao. Kiongozi alimwuliza kila mmoja hali ya roho yake, wakapatana waliokosana, wakaombeana. Kisha alimpa kasisi habari za wagonjwa, na fedha akawakabidhi watunza hazina. Wengi wa viongozi hao hawakuwa wasomi, na wanawake walikuwamo.

Huko London aliwachagua watu 46, akaugawa mji mafungu 23, wawili wawili kwa kila fungu, wawatembelee wagonjwa mara tatu kwa juma. Aliwaagiza waseme wazi juu ya mambo ya roho, wawe wapole na wasafi, wala wasichague kazi. Ulikuwapo pia mfuko wa mikopo midogo, isiyozidi shilingi 20, ya kurudishwa katika miezi mitatu. Katika mwaka mmoja watu 250 walisaidiwa.

Hatusemi kwamba hakuwa na kasoro. Mwaka 1743 huko Newcastle iliandikwa orodha ya watu 64 waliotolewa katika ushirika: 17 kwa ulevi, mmoja kwa kumpiga mkewe, na 29 kwa utepetevu tu. Kwa huyo mpiga mke tunamwunga mkono. Kwa hao 29 tunaona alikaza kamba mno. Mtepetevu ndiye hasa anayehitaji kutembelewa. Tena ndoa yake ya mwaka 1751 haikuwa na raha. Alikuwa safarini daima, na mwishowe mkewe akamwacha. Mtu aliyepanga jinsi maelfu watakavyotunzwa alishindwa kuitunza nyumba yake mwenyewe, na jambo hilo sisi tulio na kazi nyingi za kanisa tusilipite upesi.

Alifariki London tarehe 2 Machi 1791, mwenye miaka 87, akiacha zaidi ya washiriki 70,000 katika vikundi vyake. Katika wosia wake aliagiza mwili wake uchukuliwe kaburini na maskini sita, na kila mmoja wao apewe pauni moja.